Sahani ya Saa Saba: Chakula cha Shuleni na Masomo ya Mwanao

KESHO ni Jumatatu. Kabla jua halijachomoza utamwamsha mwanao, umtafutie soksi ya pili iliyopotea chini ya kitanda, kisha umsindikize hadi langoni au kituo cha basi. Utamwuliza kama amebeba daftari la hesabu. Utamwuliza pia kama amemaliza kazi aliyopewa na mwalimu wa Kiswahili. Lakini je, mzazi mwenzangu, utamwuliza saa saba mchana atakula nini?

Wazazi wengi hatuulizi. Tunaamini kwamba kazi ya shule ni vitabu na kwamba tumbo ni la nyumbani. Hata hivyo, nenda katika shule yoyote ya msingi ya umma isiyo na bweni wakati kengele ya mchana inapolia, utaona watoto wakijigawa makundi bila kuambiwa na mtu. Wapo waliolipiwa, hao hukimbilia foleni ya jikoni. Wapo waliobeba, hao hufungua vibakuli vyao vya plastiki chini ya mti. Wapo wanaokwenda nyumbani wakitumaini kwamba mama amerudi kutoka sokoni. Na wapo wale wasio na kundi. Hawa huenda kwenye mfereji, wakanywa maji, kisha wakajitia katika mpira ili wenzao wasijue kwamba hawana chakula. Mwalimu huwajua. Saa nane mchana ndio wanaolala juu ya madawati.

Makala haya yanawahusu hao wa mwisho. Yanakuhusu na wewe ambaye mwanao anakula vizuri, kwa sababu hao ndio wanafunzi wenzake darasani, na mwalimu ni mmoja.

NJAA HUFANYA NINI KICHWANI?

Ubongo wa mtu mzima ni kiasi cha asilimia 2 tu ya uzito wa mwili wake, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu zote anazopata kutokana na chakula. Kwa mtoto mdogo, ambaye ubongo wake bado unakua, sehemu hiyo ni kubwa zaidi. Mtoto asipopata chakula, mwili hujihifadhi. Hupunguza michezo, hupunguza udadisi, hupunguza maswali. Ndiyo sababu mtoto mwenye njaa aghalabu si mtundu. Hunyamaza. Mwalimu asiye makini atamwita mvivu au mzito wa akili, kumbe ni tumbo.

Yafaa tutofautishe njaa za aina mbili. Ipo njaa ya leo, yaani mtoto ameondoka nyumbani bila kufungua kinywa. Na ipo njaa ya siku nyingi, ambayo imemfanya mtoto akonde au adumae. Watafiti waliowapima watoto nchini Jamaica katika miaka ya themanini waligundua kwamba njaa hizi zikikutana huleta hasara kubwa. Mtoto aliyelishwa vizuri tangu utotoni aliweza kukosa staftahi asubuhi moja na bado akafanya mtihani wake bila taabu kubwa. Yule aliyekuwa amedhoofika tangu zamani aliteleza mara tu alipokosa kile kikombe cha asubuhi. Hii ina maana kwamba mtoto wa maskini ndiye hudhurika zaidi anapokosa mlo mmoja.

Kuna pia njaa isiyoonekana. Mtoto anaweza kushiba ugali kila siku na bado akakosa madini ya chuma, ayodini au zinki. Upungufu wa chuma mwilini huleta uhaba wa damu, na mtoto mwenye uhaba wa damu huchoka upesi na hushindwa kumakinika. Upungufu wa ayodini katika miaka ya mwanzo huweza kudumaza akili yenyewe. Ndiyo maana chumvi tunayonunua dukani hutiwa ayodini.

KUTOKA MAZIWA YA NYAYO HADI GITHERI

Wasomaji waliosoma shule za msingi katika miaka ya themanini hawahitaji kukumbushwa juu ya maziwa ya Nyayo. Mwaka wa 1979, muda mfupi baada ya kushika uongozi, Rais Daniel arap Moi aliamuru kwamba wanafunzi wa shule za msingi wapewe maziwa bila malipo. Zile pakiti ndogo zenye pembe, za mililita 200, zilifika hadi vijijini ambako barabara zenyewe zilikuwa shida. Wako watu wazima leo ambao watakuambia bila haya kwamba siku ya maziwa haikuwa siku ya kukosa shule hata kwa homa. Lakini mzigo ulikuwa mkubwa kwa hazina ya serikali, usambazaji ukaanza kuyumba, na miaka ya tisini ilipokuwa ikielekea ukingoni mpango huo ulikuwa umekufa.

Mpango mwingine ulidumu zaidi. Mwaka wa 1980 serikali ya Kenya na WFP, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula, walianza kupika chakula cha mchana katika shule za maeneo makavu. Turkana, Mandera, Wajir, Garissa, Marsabit na kwingineko, ambako familia huhama na mifugo kutafuta malisho, sufuria ya shule ikawa sababu kubwa ya mtoto kubaki darasani huku wazazi wakiendelea na safari. Mwaka wa 2009 serikali ilianzisha mpango wake yenyewe, ambao nia yake ilikuwa kununua chakula humu nchini, karibu na shule, ili mkulima naye apate soko. Shule zilikabidhiwa serikali kidogo kidogo, na kufikia mwaka wa 2018 WFP ilikuwa imeshatoka katika kazi ya kulisha wanafunzi wa kawaida, baada ya takriban miaka 40.

Kipimo kilichozoeleka katika mpango huo ni hiki: kila mtoto hupata gramu 150 za nafaka, gramu 40 za maharagwe au kunde nyingine, gramu 5 za mafuta na chumvi kidogo. Ukijumlisha unapata kalori 700 hivi. Si karamu. Lakini kwa mtoto ambaye nyumbani anangojewa na chai ya rangi, hicho ndicho chakula cha siku.

JE, SUFURIA HUWALETA WATOTO SHULENI?

Swali hili huulizwa na wenye fedha, na ni halali kuulizwa. Pesa zinazonunua mahindi zingeweza kununua vitabu au kuajiri walimu. Je, kuna ushahidi wowote kwamba chakula huleta tofauti?

Upo, na baadhi yake umetoka hapa hapa Kenya. Kati ya mwaka wa 2000 na 2002, watafiti wawili, Christel Vermeersch na Michael Kremer, walichunguza shule 50 za chekechea katika eneo la Busia na Teso. Kwa kubahatisha, shule 25 zilichaguliwa kupewa uji kila asubuhi, na 25 nyingine hazikupewa. Kubahatisha huko ni muhimu, msomaji. Kama uji ungepelekwa shule nzuri pekee, tusingejua kama mabadiliko yameletwa na uji au na wema wa shule. Matokeo yalikuwa wazi. Katika shule zisizo na uji, mahudhurio ya watoto yalikuwa kama asilimia 27. Penye uji yalikuwa kama asilimia 36. Hilo ni ongezeko la karibu thuluthi moja, na lililetwa na kikombe cha uji.

Walioongezeka walikuwa wa namna mbili. Kulikuwa na watoto ambao hawakuwa wakienda shule kabisa, wakaanza kwenda. Na kulikuwa na wale waliokuwa wakienda leo na kukosa kesho, wakaanza kwenda mara nyingi zaidi. Mama asiye na chakula nyumbani hahitaji kuhubiriwa juu ya faida za elimu akijua kwamba kule kuna uji.

KUHUDHURIA SI KUJIFUNZA

Lakini utafiti huo wa Busia ulikuwa na sehemu ya pili, ambayo wapenzi wa sufuria hawapendi kuitaja. Watoto walipopimwa masomo, alama zilipanda tu pale ambapo mwalimu alikuwa na ujuzi na uzoefu mzuri tangu mwanzo. Mahali ambapo mwalimu alikuwa dhaifu, watoto walikunywa uji, wakashiba, na wakajifunza kile kile kidogo walichokuwa wakijifunza.

Sababu si ngumu kuiona. Kugawa uji kulikula muda wa masomo. Madarasa yalijaa kwa sababu watoto waliongezeka, lakini mwalimu hakuongezeka. Isitoshe, baadhi ya shule zenye uji zilipandisha ada zikijua kwamba wazazi wangevumilia, na shule jirani zisizo na uji zikashusha ada ili zisikimbiwe.

Fundisho ni nini? Chakula humwezesha mtoto kukaa na kusikiliza, lakini hakiwezi kumfundisha kusoma. Anayetaka matokeo mema ya mitihani sharti alete sufuria na mwalimu kwa pamoja.

Tusikate tamaa hata hivyo. Nchini Ghana, utafiti uliofanywa kwa miaka miwili juu ya mpango wa taifa wa kulisha shule ulionyesha kwamba alama za wanafunzi zilipanda, na waliofaidika zaidi walikuwa wasichana na watoto wa familia maskini kabisa. Wale walio nyuma ndio waliosogea mbele zaidi.

MAHINDI PEKE YAKE HAYATOSHI

Jambo jingine la kujiuliza ni hili: ndani ya sahani kuna nini? Mnamo mwaka wa 1998 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakiongozwa na Profesa Nimrod Bwibo, pamoja na wenzao wa Marekani akiwemo Dkt Charlotte Neumann, walianza kazi ya miaka miwili hivi katika shule 12 za Embu. Watoto wa darasa la kwanza waligawanywa makundi manne. Kundi moja lilipewa githeri iliyotiwa nyama. La pili githeri na kikombe cha maziwa. La tatu githeri iliyoongezwa mafuta. La nne halikupewa chakula shuleni.

Walipopimwa kwa mafumbo ya michoro, ambayo hupima uwezo wa mtoto wa kufikiri na kutatua jambo jipya, watoto waliokula nyama walipiga hatua kubwa kuliko wote. Hata uwanjani walionekana tofauti. Walicheza zaidi, na walianzisha michezo na kuwaongoza wenzao. Nyama ina chuma na zinki ambayo mwili huichukua kwa urahisi, na ina vitamini B12 ambayo mahindi na maharagwe hayana.

Sisemi kwamba kila shule ianze kuchinja ng'ombe. Nyama ni ghali, na wazazi wengi huiona siku ya sikukuu. Lakini omena ni ya wanyama pia. Yai ni la wanyama. Kijiko cha omena iliyosagwa ndani ya sufuria ya githeri si gharama ya kuiangusha shule. Tatizo ni kwamba tunapopanga chakula cha shule huwa tunahesabu magunia tu, tukasahau kuhesabu kilichomo.

MSICHANA NA MDOGO WAKE

Katika familia yenye uhaba, mtoto wa kwanza kutolewa shuleni aghalabu ni msichana. Ana kazi za kufanya: maji, kuni, kulea mdogo wake. Chakula cha shule hubadilisha hesabu ya mzazi. Akibaki nyumbani lazima alishwe. Akienda shule, mlo mmoja umeshalipwa.

Nchini Burkina Faso walijaribu njia nyingine. Msichana aliyehudhuria angalau siku 90 kati ya kila 100 alipewa kilo 10 za unga kila mwezi apeleke nyumbani. Wasichana waliongezeka madarasani kama ilivyotarajiwa. Lakini wadogo zao pia, ambao hawajafika umri wa shule, waliongezeka uzito. Unga wa dada uliingia katika bakuli la mdogo. Mtoto huyo mdogo ndiye atakayekuwa darasa la kwanza miaka michache baadaye, na atafika akiwa na nguvu.

Uzito wa mlo huu ulionekana wazi mwaka wa 2020. Shule zilipofungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya korona, watu wengi walizungumza juu ya masomo yaliyopotea. Wachache walikumbuka kwamba duniani kote watoto kama milioni 370 walikuwa wamepoteza pia chakula walichokuwa wakipewa shuleni. Tangu wakati huo nchi nyingi zimeamka. Mwaka wa 2020 waliokuwa wakilishwa shuleni duniani walikuwa kama milioni 388. Ripoti ya WFP ya mwaka wa 2024 iliwahesabu kuwa kama milioni 466. India peke yake, ambako Mahakama Kuu Zaidi iliamuru mwezi wa Novemba 2001 kwamba shule za msingi za umma zitoe chakula kilichopikwa, hulisha zaidi ya milioni 100.

JIKO LA JIJI

Kwa miaka mingi tulizoea kuamini kwamba njaa ni ya Turkana. Mkazi wa Nairobi ambaye amepita Mukuru, Mathare au Korogocho anajua kwamba sivyo. Tofauti ni kwamba jijini chakula kipo, kinanukia kwenye kibanda cha pili kutoka lango la shule. Kinachokosekana ni shilingi za kukinunua.

Mwaka wa 2012 msichana wa Kikenya aliyekuwa akisomea lishe nchini Australia, Wawira Njiru, alichangisha pesa kwa kuwapikia marafiki chakula cha jioni, akazitumia kuanza jiko dogo Ruiru. Siku za mwanzo alilisha watoto 25. Jiko hilo ndilo lililozaa shirika la Food for Education. Mwezi wa Juni 2023, likishirikiana na serikali ya Kaunti ya Nairobi chini ya Gavana Johnson Sakaja, lilizindua mpango wa Dishi na County ambao ulijengewa majiko makubwa 10 katika sehemu mbalimbali za jiji.

Utaratibu wake unastahili kuangaliwa. Chakula hakipikwi shuleni. Hupikwa katika jiko kuu, kikapakiwa katika vyombo vinavyohifadhi joto, kikasafirishwa hadi shule. Mwalimu hageuki kuwa mpishi. Mzazi alitakiwa kuchangia shilingi 5 kwa sahani, na gharama iliyobaki ikabebwa na kaunti na washirika wake. Mtoto huvaa bangili kwenye mkono. Mzazi hutia pesa kwa simu, na mtoto anapofika kwenye foleni huigusisha bangili kwenye mashine akapewa sahani yake. Hakuna anayejua ni nani aliyelipa leo na ni nani aliyelipiwa na mwingine.

Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Mtoto wa darasa la sita yuko radhi kulala njaa kuliko kusimama katika foleni ya maskini. Mpango wowote unaowatenga wenye shida na kuwapanga peke yao utawapoteza hao hao unaotaka kuwasaidia.

HESABU YA SUFURIA

Wengi husema kulisha shule ni jambo rahisi: tia mahindi, tia maharagwe, washa moto. Hebu tupige hesabu pamoja. Chukua shule ya wanafunzi 400. Kwa kipimo cha gramu 150, jiko linahitaji kilo 60 za mahindi kwa siku, kilo 16 za maharagwe na kilo 2 za mafuta. Katika muhula wa wiki 13 hizo ni kilo 3,900 za mahindi, yaani zaidi ya magunia 43 ya kilo 90, na zaidi ya magunia 11 ya maharagwe. Magunia hayo yanahitaji ghala kavu lenye kufuli, kuni au gesi, maji, mpishi anayelipwa, na karani anayeandika kinachoingia na kinachotoka.

Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuangusha mpango. Lori likichelewa wiki tatu za mwanzo wa muhula, watoto hurudi nyumbani, na baadhi hawaonekani tena. Shule isiyo na maji humtuma kila mtoto aje na chupa, na shule isiyo na kuni humtuma aje na kijiti. Ghala lenye unyevu huotesha kuvu, na kuvu huzaa sumu ya aflatoksini. Hatujasahau mwaka wa 2004, wakati mahindi yenye sumu hiyo yalipoua watu 125 katika Makueni, Kitui na maeneo jirani. Wala tusisahau Bihar, India, mwezi wa Julai 2013, ambako watoto 23 walikufa baada ya kula chakula cha shule kilichopikwa kwa mafuta yaliyochanganyika na dawa ya kuua wadudu.

Na yupo panya wa miguu miwili. Gunia linaweza kuondoka ghalani usiku likiwa na nembo ya serikali na kuonekana asubuhi sokoni likiwa halina. Dawa yake ni macho mengi. Mahali ambapo wazazi hupokea lori wenyewe, wakahesabu magunia na kubandika idadi ukutani, si rahisi gunia kupotea.

NI KAZI YA NANI?

Wapo wanaouliza kwa hasira: tangu lini serikali ikawa mama? Mzazi aliyezaa na alishe. Neno hili lina ukweli wake, na hakuna mpango utakaochukua nafasi ya mzazi. Hata hivyo, Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 53, inasema kwamba kila mtoto ana haki ya kupata lishe ya kimsingi. Haikusema kila mtoto ambaye baba yake ana kazi.

Fikiria pia hasara. Elimu ya msingi katika shule za umma ilifanywa kuwa ya bure mwezi wa Januari 2003. Tangu wakati huo walipa kodi wamelipia walimu, madarasa na vitabu. Mtoto anapokaa katika darasa hilo kuanzia saa nane hadi saa kumi akiwa hasikii neno, pesa hizo zote zinamwagika. Kuokoa bei ya sahani na kupoteza bei ya somo zima ni biashara ya hasara.

WEWE UFANYE NINI?

Kwanza, anza nyumbani. Mtoto asiondoke bila kitu tumboni. Uji wa wimbi wenye maziwa, kiazi kitamu, nduma au yai la kuchemsha ni bora kuliko mkate mweupe na chai. Na ukitaka mwanao apate chuma kutoka kwa maharagwe na mboga, usimpe chai pamoja na chakula hicho, kwa maana majani ya chai huzuia chuma kuingia mwilini. Mpe chungwa, au kamua ndimu juu ya mboga. Vitamini C husaidia chuma kuingia.

Pili, nenda kwenye mkutano wa wazazi, na usiondoke baada ya kusomewa matokeo ya mitihani. Uliza maswali haya: Ni watoto wangapi hawali mchana? Ghala letu likoje? Maji hutoka wapi? Ni nani anayehesabu magunia? Je, mwalimu anapoteza kipindi kwa ajili ya kugawa chakula? Kama shule hutoza ada ya chakula, uliza inakuwaje kwa yule asiyeweza kulipa. Kumfukuza arudi nyumbani ni kumnyima chakula na masomo kwa siku moja.

Tatu, wazazi mnaweza kushirikiana. Haba na haba hujaza kibaba. Katika shule ya wanafunzi 400, familia zikitoa gorogoro moja la maharagwe, la kilo 2, kwa kila mwanafunzi mwanzoni mwa muhula, ghala hupata kilo 800. Hizo ni siku 50 za kupika kwa kipimo tulichotaja.

Nne, mpeleke mtoto apewe dawa ya minyoo kila zoezi hilo linapofanywa shuleni. Hakuna faida ya kulisha minyoo kwanza na mtoto baadaye. Busia hiyo hiyo ilionyesha, katika utafiti wa shule 75 ulioanza mwaka wa 1998, kwamba dawa hizo zilipunguza utoro kwa robo.

Nawe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, usimcheke mwenzako anayekwenda mferejini wakati wa chakula. Mweleze mwalimu wa darasa kwa siri. Ukiwa na kipande cha kugawana, gawana naye kimya kimya. Na kama ni wewe unayekwenda mferejini, jua kwamba si aibu yako na kwamba akili yako haina kasoro. Mwambie mwalimu unayemwamini, kwa maana hawezi kusaidia asilolijua.

Serikali ya Kenya imeahidi kwamba kufikia mwaka wa 2030 watoto milioni 10 watakuwa wakipata chakula shuleni. Ahadi ni nzuri, lakini maziwa ya Nyayo nayo yalikuwa mazuri. Yalikufa kwa sababu gharama haikuwekewa msingi wa kudumu, na kwa sababu wazazi tuliyaona kuwa zawadi, si haki ya kudaiwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu huonekana kila siku saa saba mchana kwenye uwanja wa shule iliyo karibu nawe. Wiki hii, kabla ya kwenda kazini, pita uuone.